Nta ya Kalamu ya Tatu

Mafua ndiyo yaliyomharibia Bingwa. Vidole vyake vilikuwa vimeacha kumwambia ukweli siku nyingi, lakini pua ilikuwa bado mwaminifu, na kwa pua hiyo aliweza kuidanganya dunia nzima, mke wake akiwemo. Asubuhi hii ameamka pua imeziba kabisa, kichwa kizito kama gunia la mchanga mbichi, na kwenye meza ya kazi kalamu ya tatu ya Bibi ilikuwa inamsubiri aipake nta.

Bingwa ni jina alilojipa mwenyewe, na mtaa ukalikubali kwa kuchoka kubishana naye. Kazi yake ilikuwa kukereza kalamu za mbao. Alichukua kipande cha mti, akakitoboa katikati, akabandika ndani yake kwa gundi bomba jembamba la shaba, kisha akakifunga kwenye mashine na kukizungusha huku patasi ikikimenya kama mtu anayemenya embe kwa ukanda mmoja usiokatika. Baada ya patasi ni msasa, mkali kwanza, laini baadaye. Baada ya msasa ni mafuta. Mwisho kabisa ni nta.

Na nta ndiyo inayomtenganisha fundi na mbabaishaji, ndivyo alivyopenda kusema. Unagusisha donge la nta kwenye mti unaozunguka, kisha unakunja tishu na kuikandamiza hapo kwa ncha za vidole. Kitambaa hakitumiki, kwa sababu kitambaa kikinaswa na mashine kinaondoka na kidole. Tishu hukatika yenyewe. Msuguano unaleta joto, joto linayeyusha nta, nta inazama ndani ya mti. Joto likiwa dogo, nta inabaki juu kama jasho na kufutika. Likizidi, gundi inaachia shaba na mti unapasuka, pa! Katikati ya hayo mawili pana nafasi nyembamba sana, na kipimo chake ni kidole cha fundi. Kidole kikianza kulalamika, unavuta pumzi moja, unatoa.

Kidole cha Bingwa kilikuwa kimeacha kulalamika.

Kilianza kwa kuwashawasha, kama mguu uliokaliwa vibaya. Akakikung'uta, akakipuliza, akakisahau. Kisha kuwashawasha kukaisha na pahali pake pakabaki kimya. Kikafuata kidole gumba, kikafuata cha katikati. Akawa anafunga vifungo vya shati kwa kuviangalia, kama mtoto. Siku moja mkewe alimkuta ameshika kikombe cha bati kilichotoka motoni, ameketi nacho tu anazungumza.

"Wewe baba, una ngozi ya mamba?" mkewe akauliza.

"Ngozi ya kazi hii, mama. Ya kwako ya kushonea mashuka huwezi kufananisha."

Mkewe akacheka, akarudi kwenye cherehani yake. Bingwa akakiweka kikombe mezani, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama ukutani akivibonyeza vidole kimoja kimoja.

Alijua kilichokuwa kinamjia kwa sababu alishakiona. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa kifua kipana na kicheko kikubwa. Naye vidole vyake vilikufa ganzi, naye akanyamaza. Akaungua kiganjani asijue. Akavaa glovu juu ya kidonda akaendelea na kazi. Bingwa, wakati huo mdogo, alikuwa wa kwanza kusikia harufu pale baba alipovua glovu ili ale. Hospitali walikata vidole, wakakata kiganja, lakini sumu ilikuwa imekwisha kupanda mwilini, ikamuua. Harufu ile haijamtoka Bingwa puani mpaka leo, na huenda ndiyo iliyomfundisha kuitegemea pua.

Maana aligundua kwamba nta inapofikia kuyeyuka sawasawa hutoa harufu ya asali inayochemka, na harufu hiyo hutangulia moshi kwa kitambo kidogo. Kitambo hicho kilimtosha. Kalamu mbili za mwanzo za Bibi alizimaliza kwa pua tu, zikang'aa kama macho ya paka. Akajipiga kifua. Nani anahitaji vidole?

Kalamu zenyewe zilitoka kwenye mchi. Bibi alikuwa ametwanga kwa mchi huo tangu alipoolewa, mpaka ukapasuka katikati, na badala ya kuutia motoni akauleta kwa mjukuu wake. "Nimeshika mti huu kuliko nilivyomshika babu yako," alisema. "Nitolee kalamu." Sehemu nzima iliyobaki, isiyo na ufa, ilitosha kalamu tatu. Kipande cha nne hakikuwepo. Na leo mchana shangazi mkubwa alikuwa anakuja kumchukua Bibi akakae kwake, pamoja na kalamu.

Bingwa alikuwa bado anapenga kamasi kwa mara nyingine bila faida yoyote, mlango ukasukumwa.

"Hodi, mume wangu! Au umelala na mke mwingine?"

Bibi akaingia na fimbo yake, mtandio umekazwa kwa pini chini ya kidevu, akavuta kigoda mpaka karibu kabisa na mashine. Bingwa moyo ukamshuka.

"Shikamoo, mke wangu mkubwa."

"Marahaba. Mbona sauti imetoka kisimani?"

"Mafua, Bibi. Hebu kaa sebuleni, huku kuna vumbi."

"Vumbi la mchi wangu mwenyewe? Nimelila miaka yote hiyo, halijaniua." Akapaza sauti kuelekea pazia lililotenga chumba cha mbele, ambako cherehani ilikuwa inakimbia. "Mke mwenzangu! Huyu bwana wetu anataka kunifukuza!"

"Usikubali, mke mwenzangu!" mkewe akajibu kutoka upande wa pili. "Kaa hapo hapo, umwangalie asivute sigara!"

"Sivuti sigara mimi," Bingwa akasema.

"Ndiyo maana nasema umwangalie!"

Wakacheka wanawake wawili, mmoja huku na mmoja kule. Bingwa akachekacheka nao, huku akiangalia kalamu ya tatu pale kwenye mashine, rangi ya kahawia iliyokolea, mistari ya mti imepinda kama maji yanayozunguka jiwe. Ilikuwa nzuri kuliko zile mbili.

"Bibi, unaonaje hii nikaimaliza kesho? Nitakuletea mwenyewe kwa shangazi."

"Kesho ya nani? Hizo mbili ni za shangazi zako, wamekwisha jua. Hii ya tatu nataka nikuone ukiimaliza kwa macho yangu."

"Kwani hii ni ya nani?"

Bibi akapangusa vumbi la mti kwenye ukingo wa meza kwa kidole. "Nilizaa watatu, mume wangu. Hilo ni fungu la baba yako. Kwa hiyo ni lako."

Bingwa akaipangusa mikono kwenye aproni. Alihisi jasho likimtoka mgongoni, na jasho hilo halikuwa la mafua. Akawasha mashine.

Mti ukaanza kuzunguka, mistari yake ikayeyuka ikawa rangi moja. Akachukua donge la nta, akaligusisha, nta ikashika mti kwa ukungu mweupe. Akakunja tishu. Hapo akajaribu ujanja: akaihamishia mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ulikuwa bado unasikia, ingawa juzi kidole chake kidogo nacho kilikuwa kimeanza kuwashawasha, jambo ambalo Bingwa alikuwa amelikataza lisifikiriwe ndani ya kichwa chake. Lakini mkono huo haukujua kazi. Ulikandamiza upande, mti ukalia kwa sauti ya mbuzi.

"Tangu lini umekuwa wa kushoto?" Bibi akauliza.

"Najaribu tu."

"Jaribu kwa mti wa mtu mwingine."

Akairudisha mkono wa kulia. Akavuta pumzi kwa nguvu puani. Haikupita hata chembe. Akaegemea karibu, akijiambia kwamba macho yatatosha. Ukungu wa nta utaondoka, mti utawaka mng'ao, hapo atatoa. Lakini alijua, kama anavyojua fundi yeyote, kwamba mng'ao unaonekana vizuri mashine ikishasimama, na kwamba anayeusubiri kwa macho amekwisha chelewa.

Akakandamiza.

Hakuna kitu. Vidole vitatu vilikuwa pale mbele ya macho yake, vimebana tishu juu ya mti unaokimbia, na ilikuwa kama kuangalia vidole vya mtu mwingine kwenye picha. Je, joto limefika? Akalegeza. Labda bado. Akabana. Labda limepita. Akasikiliza mlio wa gundi kuachia, ule mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti cha kiberiti, na kila mtikisiko wa mashine aliudhania ndio huo. Shingo ilimkakamaa. Bibi alikuwa anazungumza, kitu kuhusu shangazi na kitanda chake kirefu kisicho na godoro la maana, na maneno yakampita kama upepo wa barabarani. Bado kidogo. Kidogo tu. Mti huu hauna wa pili.

Bibi akanyamaza katikati ya sentensi.

Akanusa. Akanusa tena.

"Mume wangu," akasema polepole, "mbona kuna harufu ya nyama?"

Bingwa akaangalia chini. Tishu ilikuwa imekatika zamani. Ncha ya kidole chake ilikuwa moja kwa moja juu ya mti unaozunguka, na juu yake kulikuwa na uzi mwembamba wa moshi.

Akaruka. Akazima mashine. Mkono akausukumiza ndani ya mfuko wa aproni, kisha kitu cha kwanza alichofanya, Mungu amsamehe, ni kuinama kuangalia kalamu. Haikupasuka. Nusu yake iling'aa, nusu ilikuwa bado na ukungu, na katikati palikuwa na mstari wa weusi usiozidi unene wa unywele.

"Umeungua," Bibi akasema.

"Kidogo tu."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Wanaume hatupigi kelele, Bibi."

"Babu yako alipiga kelele akikatwa kucha. Lete mkono."

"Si kitu, nitapaka mafuta..."

"Nimesema lete, au mpaka nije mfukoni?"

Kukataa kungekuwa ni kukiri. Akautoa. Bibi akaupokea kwa mikono yake miwili, akaulaza pajani pake, akauinamia kama mtu anayetafuta mwiba. Bingwa akageuza uso upande wa dirisha ili asionyeshe macho yake.

"Unajua babu yako aling'olewaje jino?" Bibi akaanza, huku akiupapasa mkono. "Alikwenda kifua mbele. Akasema mimi sindano ya ganzi siitaki, ganzi ni ya wanawake. Yule mganga wa meno hajafungua hata sanduku lake, anatafuta miwani tu, babu yako yuko chini. Chali! Tukamng'oa jino amezimia. Alipoamka akasema, mmeona? Sikutoa hata sauti."

Bingwa akacheka. Alicheka kweli, kwa kifua kizima, kwa sababu hadithi ilikuwa nzuri na kwa sababu alidhani amepona. Akageuka kumwangalia Bibi wacheke pamoja.

Bibi hakuwa anacheka. Mtandio wake ulikuwa umefunguka mabegani, na pini yake ilikuwa mkononi. Ncha yake ilikuwa imezama kwenye kidole cha kati cha Bingwa. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na tone la damu, na kwenye kidole gumba matone mawili. Muda wote wa hadithi ile alikuwa akimchoma.

Kicheko kikamkauka Bingwa mdomoni.

"Tangu lini?" Bibi akauliza. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Nimesikia, Bibi. Ila sikutaka..."

"Umesikia nini? Nimekuchoma mara ngapi?"

 Bingwa akaliangalia tone la damu likivimba, likipoteza umbo, likitiririka, na mwili mzima ukamsisimka isipokuwa pale damu ilipopita.

"Baba yako alinijibu hivyo hivyo," Bibi akasema. "Nimesikia, mama. Neno hilo hilo. Nikamwamini, kwa sababu nilikuwa nataka kumwamini. Wewe sikuamini. Umenielewa? Unaniona nakucheka kila siku, lakini kwa hili sikuamini hata uape."

Cherehani ilikuwa imesimama. Pazia likasogezwa, mkewe akatokeza kichwa, uzi umemning'inia shingoni. "Mbona kimya? Mmekula nini peke yenu?" Kisha akaona pini. Akaona damu. Akaona uso wa mumewe, uso ambao hakuwahi kuuona ukiwa mtupu namna ile.

"Mke mwenzangu, vaa viatu," Bibi akasema. "Tunampeleka bwana wetu hospitali."

"Ana nini?"

"Vidole vyake vimekufa, na yeye amevifunika asituonyeshe."

Mkewe akasimama pale akihesabu kitu kichwani, na Bingwa akaona wazi kimefika wapi. "Kile kikombe," mkewe akasema. "Kile kikombe cha bati! Nikakuita mamba, nami nikacheka!" Akamsogelea, akampiga begani kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, kisha kiganja kikabaki hapo hapo begani hakikutoka.

"Nilikuwa nimalize hii kwanza," Bingwa akasema. Alisikia mwenyewe jinsi ilivyokuwa ya kipumbavu, lakini maneno yalitoka tu. "Nta imeingia nusu. Ikipoa hivi itabaki na madoa, na nikianza upya kwa msasa itakuwa nyembamba mno. Hakuna mti mwingine, Bibi. Ni fungu la baba."

Bibi akamtazama, akaitazama kalamu. Akajifunga mtandio vizuri, akainuka kwa fimbo yake, akaja mbele ya mashine.

"Haya. Mimi nitakuwa kidole chako. Ikimalizika, unatangulia mlangoni, na sitaki kusikia habari ya kesho."

Bingwa akamkunjia tishu, nene, mara mbili ya kawaida. Akamwonyesha pa kubana. Akapunguza mwendo wa mashine, akapaka nta upya, akasimama nyuma yake, na hofu aliyokuwa nayo kwa ajili ya mti ikageuka kuwa hofu kwa ajili ya vidole vile vya kizee.

"Nibane vipi?"

"Kama unavyoshika shavu la mtoto."

"Mtoto mzuri au mtukutu?"

"Mtukutu."

Akabana. Mti ukazunguka kwa mlio mtulivu. Mkewe alikuwa ameshika mdomo.

"Unasikia nini, Bibi?"

"Vuguvugu."

"Sasa?"

"Vuguvugu la chai ya mgonjwa... ngoja... sasa chai ya mtu mzima... Uwi! Moto, we!"

"Pumzi moja!"

"Pumzi yako au yangu?"

"Toa!"

Bibi akatoa mkono, Bingwa akazima. Mashine ikapunguza mwendo, ikasimama, na mti ukawaonyesha mistari yake yote, ndani kabisa, kama kitu kilicho chini ya maji safi. Ule weusi wa katikati ulikuwa umebaki, mwembamba, umefunikwa na nta. Hautatoka tena.

Lakini Bingwa hakuwa anaiangalia kalamu. Alikuwa anamwangalia Bibi akikung'uta kidole, akikipuliza, akikitia mdomoni, "Uwi, uwi, mume wangu umeniunguza!" Naye akamwonea wivu. Aliyaonea wivu maumivu yale kuliko alivyowahi kukionea wivu kitu chochote cha mtu.

Mkewe ndiye aliyeingiza wino na kuikaza ncha, maana Bibi hakumruhusu Bingwa kugusa kitu tena. Wakampigia shangazi simu kwamba awakute hospitali. Wakafunga mlango.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini na kucha fupi. Aliuliza maswali, akatazama kidole kilichoungua, akakisafisha na kukifunga, akauliza mengine. Aliposikia habari za baba, aliacha kuandika kidogo, kisha akaendelea. Halafu akasogeza kiti.

"Weka mkono wa kulia hapa mezani, kiganja juu. Fumba macho. Nikikugusa kwa sindano hii, sema ndiyo."

Bingwa akafumba macho. Katika mkono wa kushoto alikuwa amefumbata kalamu ya tatu, laini, yenye uvuguvugu wa mfuko. Karibu yote aliisikia. Pale ilipolalia kidole kidogo, mguso wake ulikuwa wa mbali.

Giza. Feni ilikuwa inazunguka juu. Alimsikia mkewe akipumua upande huu, na fimbo ya Bibi ikigusa sakafu upande ule. Akasubiri. Alijua namna ya kushinda mchezo huu. Mtu mjanja anakisia mwendo wa mpimaji na kujibu kwa mwendo huo huo. Akajipa muda wa kutosha. Akasema kwa sauti ya kujiamini, sauti ya Bingwa:

"Ndiyo."



"Bado sijakugusa," daktari akasema.

Hakuna aliyemcheka. Fimbo ya Bibi haikugonga. Na ndani ya giza lile Bingwa akaiona glovu ya baba yake mezani, pembeni ya sahani, imebaki na umbo la mkono ambao haukuwamo.

"Tuanze tena," daktari akasema. "Hapa?"

Akavitafuta vidole vyake kama mtu anavyopapasa ukutani akitafuta mlango ambao jana ulikuwepo.

"Sisikii kitu," akasema. 

"Hapa?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Sisikii. Hapo pia sisikii."

Sindano ikaendelea kupanda, au alidhani inapanda, maana hakuwa na njia ya kujua. Kisha mbali sana, chini ya kidole gumba, karibu na kifundo cha mkono, kitu kikamuuma kama chungu. Hakukiamini. Alikuwa amekitamani mno, na mara moja alikwisha jidanganya. Akasubiri. Kikamuuma tena.

"Hapo," akanong'ona. "Hapo panauma."

"Una uhakika?"

"Panauma, daktari. Panauma kweli."

"Hii yangu haishiki kwenye ngozi. Una kalamu hapo?"

Akafumbua mkono wa kushoto bila kufumbua macho. Ikachukuliwa. Akaisikia ikigusa ngozi pale palipouma, ikianza safari ya kuvuka mkono, halafu ikapotea, halafu ikarudi upande wa pili.

"Fungua macho."

Mstari wa wino wa bluu ulikuwa umechorwa kutoka ukingo hadi ukingo wa kiganja. Ulikuwa karibu sana na kifundo cha mkono, mbali na vidole kuliko alivyoogopa hata siku zile mbaya. Vidole vyote vitatu vilikuwa ng'ambo ya mstari huo.

"Ganzi ina sababu nyingi," daktari akasema. "Tutapima damu, tutaangalia ngozi. Nyingine tunazitibu. Nyingine tunazisimamisha hapo zilipofika. Wiki ijayo nitapima tena, tuone mstari huu umepanda kuelekea kifundo au umerudi kwenye vidole. Mpaka hapo, usiguse moto wala mashine."

Bibi akainama kuutazama mstari, kidole chake kilichoungua amekishika kwa mkono wa pili. "Angalau inaandika vizuri," akasema, na utani ukaishia hapo.

Bingwa alikuwa bado ameulaza mkono mezani. Wino ulikuwa mbichi. Akashusha kidole cha kushoto polepole, akakiweka nyuma kidogo ya mstari, upande ule wa kifundo uliokuwa bado wake, akabonyeza. Akasikia. Akabonyeza tena.